Shilingi Kumi na Tano za Mtoni

Nyakitonto, Jumapili, 12 Oktoba 1975

"Mwalimu Tharsisi ana mshahara wa serikali, halafu kila Jumamosi anakwenda kukaa mtoni na fimbo kama mtu asiye na shamba. Hizo shilingi kumi na tano za kila mwezi, kuna mtu nyumbani kwake anazilipia."

Hayo ni maneno ya shemeji yangu Venanti, kaka wa mke wangu, mkulima wa Kitahana aliyekuja kutusalimu tangu Ijumaa. Aliyasema leo baada ya misa, mbele ya watu, na watu wakacheka. Sikumjibu palepale kwa sababu mvua ya kwanza ilianza kudondoka na kila mtu akakimbilia kwake. Namjibu hapa, kwa hesabu. Venanti hajawahi kunishinda kwa hesabu.

Kwanza, si fimbo. Ni ufito wa mwanzi niliouchagua na kuukausha mwenyewe miezi miwili. Pili, mshahara wangu naupangia mafungu tangu mwaka 1957, mwaka niliooa, na hakuna fungu lililowahi kuvuka mstari wake. Fungu la mtoni ni hili: uzi wa nailoni shilingi nne na nusu, ndoana na vipande vya risasi vya kuzamishia shilingi tatu, viraka na gundi ya baiskeli mbili, akiba ya tairi nne, chai na mandazi pale darajani moja na nusu. Jumla kumi na tano. Minyoo ni bure, iko tele chini ya migomba ya mke wangu. Onyesha senti iliyopotea, Venanti.

Tatu, nina miaka arobaini na tisa. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Nimebishana magazetini na mapadri, makatibu tarafa, waganga wa kienyeji na maprofesa wawili. Mtu kama huyo akikaa saa sita kwa wiki mahali ambapo hakuna wa kubishana naye, haibii nyumba yake. Anajitibu asije akairudia nyumba hiyo akiwa mwendawazimu.

Mke wangu, Theodosia, ana mimba ya miezi mitatu na nusu. Ana miaka arobaini. Kiliani na mdogo wake wako shule za bweni, nasi tulidhani tumemaliza. Nyumba ina watu wawili tu na fungu la nyama la shilingi ishirini na nane, kilo moja kila Jumamosi. Hapo nani anamlipia nani?

18 Oktoba

Perege wawili, kambale mmoja. Kilo moja na robo kwa mizani ya dukani.

25 Oktoba

Mvua. Kambale mmoja mdogo.

Kasulu, 31 Oktoba

Siku ya mshahara. Dukani kwa Tamimu nikaomba uzi.

"Mwalimu, mwezi uliopita ulichukua mita hamsini. Unafungia ng'ombe?"

"Ulikatika. Alikuwa samaki mkubwa."

"Aliyekwenda na uzi ndiye mkubwa siku zote," akasema Tamimu, na wateja wakacheka.

Nikamwambia nyama hapa Kasulu ni shilingi saba kilo, na samaki wangu, ukigawanya fungu kwa uzito, ananigharimu tatu tu.

"Na mama anampika?"

"Anampika."

"Basi umetajirika, bwana. Sisi wengine tukienda mtoni tunarudi na nguo zilizofuliwa."

Ana ulimi mzuri. Nilimlipa nne na nusu bila kuomba apunguze.

2 Novemba

Maneno ya Tamimu yamenifungua macho. Mwezi wa Oktoba nimevua kilo tano. Sokoni samaki wabichi ni shilingi nne kilo, kwa hiyo mto umeingiza ishirini ndani ya nyumba hii. Nilikuwa naandika matumizi ya uvuvi bila kuandika mapato yake. Mwanafunzi wa darasa la sita angenicheka.

Nimerekebisha. Samaki sasa wanaingia katika daftari kama mapato, na kwa kuwa ni kitoweo kamili, fungu la nyama linashuka kuwa shilingi kumi na nne. Nilimwita Theodosia chumba cha mbele nikamwonyesha mistari yote miwili. Aliinama akatazama.

"Sawa, Baba Kiliani."

Kuna watakaouliza, maana wa Kitahana wanajulikana: ukoo wao hawali samaki. Ni muziro wao, mwiko wa mababu. Suala hilo nililifunga mwaka 1963. Nilimwandikia Theodosia kurasa tatu, humuhumu ndani ya nyumba, nikabomoa mwiko huo hoja kwa hoja, kwa lishe na kwa historia. Alizisoma akasema, "Nimesoma." Baadaye barua hiyo ilitoka gazetini, ikiwa na sentensi ya mwisho kwamba mke wangu mwenyewe ameuacha muziro. Mpaka leo walimu wa Kasulu na Kibondo wanainukuu.

8 Novemba

Mto umechafuka. Sikupata kitu.

22 Novemba

Leo nataka kuandika juu ya mto wenyewe, maana hesabu hazisemi yote.

Nilifika Malagarasi saa mbili asubuhi, matope mpaka kwenye mnyororo wa baiskeli. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nilitega, nikakaa juu ya gunia langu. Kwa saa tatu sikufikiri jibu la mtu yeyote. Nyumbani hata ninapokunywa uji kuna mtu namjibu kichwani. Pale kuna uzi, na kidole changu juu ya uzi. Samaki anapogusa, kabla hajameza, unamsikia kidoleni kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Sijui namna nyingine ya kusikiliza. Labda ndiyo sababu naupenda mto kuliko watu.

Kilo mbili kasorobo. Theodosia aliwapokea samaki mlangoni.

29 Novemba

Jana nilimpeleka Theodosia zahanati, kwa sababu aliketi chini njiani mara mbili akitoka kisimani. Mganga, Bwana Gharibu, alivuta ukope wake chini akaniita nitazame.

"Ona, Mwalimu. Ndani huku panatakiwa pawe pekundu."

Palikuwa peupe.

Akampa vidonge vya kuongeza damu. Akasema ale nyama, maini hasa.

"Samaki je?" nikamuuliza.

"Samaki ni wazuri pia, kama anawala."

"Kilo moja na nusu kwa wiki. Nina hesabu iliyoandikwa."

"Basi damu itapanda." Akamgeukia. "Au siyo, mama?"

Theodosia alikuwa anajifunga kitenge upya. "Ndiyo," akasema.

Leo nimekaa na daftari. Afya ya mke wangu kwanza. Kama wiki moja kilo moja na nusu haitoshi, dawa ni kuzidisha. Nimefuta fungu lote la nyama, shilingi kumi na nne, nikaliunganisha na fungu la mtoni, sasa ni ishirini na tisa. Nitakwenda mara mbili kwa wiki, na shule zikifungwa mara tatu. Nani sasa atasema najifurahisha? Namvulia mgonjwa.

6 Desemba

Kilo mbili.

10 Desemba

Kilo moja na nusu. Mvua kutwa.

13 Desemba

Nimemkuta Theodosia nyuma ya jiko akila udongo wa kichuguu. Nikamweleza habari za minyoo kwa dakika ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

20 Desemba

Shule zimefungwa. Mara tatu mtoni, kilo nne na robo! Sijawahi. Nilirudi nikiimba. Miguu ya Theodosia imevimba na anahema akizungumza, lakini alipoona samaki alisema, "Asante, Baba Kiliani, umechoka." Mwanamke huyu ni bora kuliko ukoo uliomzaa.

25 Desemba

Venanti alifika jana kwa basi la Kibondo. Leo asubuhi alitoa kwenye kikapu paja la mbuzi lililofungwa kwa majani ya mgomba, akaliweka mezani kwangu.

"Muramu," akasema, ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji, "nimemchinjia dada yangu. Anaisha."

"Dada yako yuko chini ya zahanati."

"Zahanati haimlishi."

"Namlisha mimi. Nikuonyeshe daftari?"

"Daftari lako silijui. Najua kumtazama mtu shingoni. Mtazame shingo yake."

Nikamwambia kwamba hakuleta nyama, ameleta hadithi ya kwenda kusimulia Kitahana, kwamba Mwalimu ameshindwa kulisha mke na ukoo umemwokoa. Nikamwambia nyumba hii haijawahi kuomba. Akasema hakuna aliyeomba. Nikasema basi hakuna anayepokea. Nililirudisha paja ndani ya kikapu kwa mikono yangu.

Theodosia alitoka akasimama kwenye mlango wa jikoni, akifuta mikono. Alikitazama kikapu. Kisha akasema kwa Kiha, taratibu, "Genda, Venanti. Nenda tu. Usigombane naye Krismasi."

Akaondoka na kikapu chake kwenye mvua.

Nilishinda. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini mchana sahani yangu ya ugali ilirudi jikoni nzima.

3 Januari 1976

Kilo moja.

10 Januari

Mto umefurika mpaka kwenye njia. Nilitega ukingoni tu. Kambale wawili wanono. Jirani yetu Uwimana anamchotea Theodosia maji sasa.

17 Januari

Kilo mbili na nusu. Theodosia hakutoka kitandani mpaka saa nne. Damu itapanda lini?

24 Januari

Naandika nikiwa nimekaa jikoni. Sijawahi kuandika hapa.

Mchana nilikuwa narudi na samaki watatu kwenye usukani. Uwimana alinisimamisha kwenye shamba lake la mihogo. Ni mjane aliyekimbia Burundi mwaka 1972 na watoto wanne, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Mwalimu, urakoze. Mungu akulipe. Watoto wangu wamepata mashavu kwa samaki wako."

"Samaki gani?"

Akacheka, akidhani namtania. "Si hao wa kila Jumamosi! Mama Kiliani anatuletea wote. Anakubakizia sahani yako tu."

"Na sahani yake?"

"Yake?" Kicheko kikamwisha. "Yeye si ana muziro, Mwalimu? Hata chungu cha kukupikia anaazima kwangu, asikinajisi cha kwake."

Naona aibu kusema nilichohisi kwanza, lakini nitasema. Nilihisi nimeibiwa. Kutoka pale mpaka nyumbani nilikuwa napanga hotuba: samaki wangu, mwendo wangu, kilo zangu zilizoandikwa.

Nikaingia jikoni. Kwetu mwanamume hali chakula jikoni, na miaka kumi na tisa nimekula chumba cha mbele, peke yangu au na wageni. Theodosia alikuwa ameketi kwenye kigoda, bakuli magotini. Ugali wa muhogo na mchicha wa chumvi. Hakukuwa na kitu kingine, wala juu ya moto, wala kwenye kona. Alipoona ninatazama alijaribu kulifunika bakuli kwa kiganja.

"Tangu lini huli samaki?"

"Tangu nizaliwe."

"Ulikubali. Mwaka 1963 ulikubali."

"Nilisema nimesoma."

"Kwa nini hukuniambia, Mama Kiliani? Unaumwa, unavimba miguu, mimi nakuletea samaki, kwa nini hukuniambia?"

Akapumua kwanza, maana kila sentensi sasa anaitafutia pumzi.

"Nilikuambia mwaka ule. Ukaniandikia kurasa tatu. Kisha ukampelekea mwenye gazeti. Watu wakaja hapa kunitazama, mwanamke aliyeacha muziro. Nikikuambia tena ungeandika kurasa ngapi?"

"Ungeomba nyama, basi."

"Ulinionyesha daftari. Nyama haikuwemo."

"Na paja la Venanti?"

Alitazama mlango, pale alipokuwa amesimama Krismasi.

Nilikuwa na jibu. Mimi nina jibu siku zote. Jibu lilikuwa kwamba mwiko huo ni upuuzi, na upuuzi huo ndio uliommaliza, si mimi. Lilifika mpaka kwenye meno. Labda hata ni la kweli. Lakini kiganja chake kilikuwa bado juu ya bakuli, na nikaona kwamba nikilisema jibu hilo nitashinda tena.

27 Januari

Bucha hufunguliwa Jumamosi tu. Nimenunua kuku wawili. Jana alikula mchuzi akatapika. Bwana Gharibu kasema nisingoje, nimpeleke Kasulu.

29 Januari

Lori la maharage lilitukubali. Tulikwama mara tatu. Abiria walishuka kusukuma, mimi nikabaki juu ya magunia nimemshikilia. Kwenye mlima alisema mtoto hachezi tangu asubuhi. Nikasema amelala. Nilikuwa sijui lolote.

Kasulu, 31 Januari

Mtoto wa kiume alizaliwa jana saa tisa alasiri akiwa amekufa.

1 Februari

Daktari alisema damu ya mama imebaki kidogo sana na inayomtoka ni nyingi, akaomba ndugu wajitolee. Nilikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Wakapima. Damu yangu haikubaliani na yake.

Dereva wa basi alikuwa amepeleka habari Kitahana tangu juzi. Venanti aliingia saa sita, kalowa mpaka mgongoni, hakuuliza kitu, akalala kwenye kitanda akatoa mkono. Ya kwake ilikubali. Nilisimama ukutani nikisubiri aseme neno lake la Oktoba. Alikuwa na haki nalo.

Alipoinuka, pamba mkononi, alisema, "Muramu, kaa. Nimeambiwa umesimama tangu asubuhi."

Jioni tulimzika mtoto. Venanti alichimba kwa mkono mmoja, mimi kwa miwili. Udongo ulikuwa umelowa, unarudi shimoni kila tukiutoa. Nilimbeba mimi. Hakuwa na uzito wa samaki nilioandika Desemba. Najua, kwa sababu mikono yangu ilikwisha kumpima kabla sijaizuia.

3 Februari

Homa. Hazungumzi.

5 Februari

Homa imeshuka. Hapa wagonjwa hupikiwa na ndugu zao. Nilikwenda kwa Tamimu kuuliza pa kupata jiko. Hakutania. Alimwita mkewe, Mwamvua, na Mwamvua akaninyang'anya kikapu. "Nenda kakae na mgonjwa, Mwalimu. Kupika utajifunzia kwa mzima."

Uzi na ndoana zilizobaki nyumbani nimeagiza wapewe vijana wanaovua pale darajani kwa kuuza. Watafurahi sana.

Jumapili, 8 Februari

Leo Mwamvua ameleta maini, laini, na ndizi za kupikwa. Theodosia aliinuliwa akaegemezwa kwenye mto wa kulalia. Nilichukua sahani nitoke, kama nilivyozoea, nimwache ale na wanawake wenzake wa wodini. Akasema, "Ishike. Mikono yangu bado haina nguvu."

Kwa hiyo nilishika sahani na kumtazama mke wangu akila. Nina miaka kumi na tisa ya ndoa. Sikuwa nimewahi kumwona akila. Anatafuna upande wa kushoto tu. Nikamuuliza kwa nini. Akafungua mdomo akanionyesha: upande wa kulia magego mawili hayapo. Yaling'oka alipokuwa ananyonyesha Kiliani. Kiliani ana miaka kumi na saba.

Alikula vipande vinne akapumzika. Akauliza mtoto amelala upande gani wa makaburi. Nikamwambia, upande wa juu, karibu na njia. Akauliza kama maji yanapita pale. Nikasema hayapiti. Hilo nililitazama vizuri. Kisha akala kipande cha tano, machozi yakimtoka, akitafuna. Sahani ilikuwa nzito mkononi na sikuibadilisha mkono.

Daktari anasema ataishi, ila hatazaa tena.

Walimu wenzangu wa Kasulu na Kibondo, ninyi mnaoninukuu. Katika mkutano wetu wa walimu wa Aprili nitasimama kama kila mwaka, na nitawasomea kurasa hizi badala ya hotuba, na sitapokea swali wala makofi. Mna mafungu yenu kwenye madaftari, baadhi yenu niliwafundisha mimi kuyapanga. Mna fungu la pombe, la redio, la mpira, la mtoni. Siwaambii mfute hata moja. Nataka kwenu kitu kimoja, na nakitaka jioni ya siku hiyohiyo, kabla hamjaanza kunitafutia majibu. Beba sahani yako, toka chumba cha mbele, ingia jikoni, keti chini pale anapoketi mkeo. Utazame kilichomo bakulini mwake. Akikuambia kwamba ameshiba, usiondoke. Akikuambia kwamba atakula baadaye, usiondoke. Funga mdomo wako, mwalimu, ukae hapo mpaka ale.